Shemeji Kahakikisha

Karakana nzima ilimwita shemeji yangu Bi Hapana, na aliyelianzisha jina hilo ni mimi. Naliweka wazi mapema ili usije ukadhani nasimulia habari zake kwa kuwa tulikuwa tukipatana. Kwa ukoo ni mke wa kaka yangu wa tumbo moja, mtu ambaye nikifika kwao lazima nile nishibe ndipo niruhusiwe kuondoka. Kazini tulikaa meza mbili zinazogusana kwa miaka minne, na sikumbuki wiki hata moja iliyokwisha bila kununiana.

Karakana yetu hutengeneza roboti za kubebea mizigo. Usifikirie zile za sinema zenye miguu na mikono. Hii ni meza fupi ya chuma yenye magurudumu manne, inaingia chini ya mzigo, inaunyanyua, inaupeleka kwenye shelfu. Ya kwanza tuliipa jina la Kobe, na mtu mmoja akaibandika karatasi ubavuni: Mwenda pole hajikwai. Mimi na wenzangu watano tulikuwa tukimwandikia Kobe programu, yaani maelfu ya mistari ya maagizo ya lini aende, lini akate kona, lini asimame. Shemeji hakuandika hata mstari mmoja. Kazi yake ilikuwa kutuzuia.

Alikuwa na programu yake nyingine tuliyoiita mkaguzi. Mkaguzi hasubiri Kobe atembee ndipo aone kakosea wapi. Huyasoma maagizo yakiwa bado yamelala kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, akifuata kila njia ambayo maagizo hayo yanaweza kupita, hata njia ambayo Kobe hajawahi kuipita tangu azaliwe. Kisha anatoa orodha ya maonyo. Hapa mnagawanya kwa namba inayoweza kuwa sifuri. Hapa mnasoma jibu ambalo hakuna aliyeliandika. Maonyo mengine ni ya kweli, mengine ni makelele matupu, na shemeji ndiye aliyelipwa mshahara wa kujua lipi ni lipi.

Kazi hiyo aliipata kwa mzaha wangu. Kabla ya hapo alikuwa kwenye kiwanda cha nguo, mkagua mishono, miaka tisa. Akija mgeni nyumbani kwao amevaa shati jipya, shemeji macho yake yote kwenye kwapa na pindo. "Nguo huangaliwa kwa ndani," husema. "Kwa nje kila nguo ni nzuri." Kiwanda kilipopunguza watu, alikuwa tayari amemaliza masomo ya kompyuta ya jioni, masomo ambayo mimi niliyacheka. Siku moja nikamwambia kaka kuwa karakana inatafuta mtu wa kukaa na mkaguzi, kazi ambayo sisi waandishi tuliikwepa kama deni. Nilisema tu. Kesho yake asubuhi shemeji alikuwa mlangoni na begi lake, ndani mna daftari, miwani na kipande cha chaki bapa ya mafundi cherehani.

Bosi alimpa ukurasa mmoja wa programu ili amjaribu. Shemeji akausoma kwa kidole, taratibu, mpaka nikaona aibu kwa niaba ya ukoo. Akasema, "Maneno mengine humu siyajui. Lakini huu mfuko umeshonwa upande mmoja. Hapa mmefungua, kule chini hamkufunga." Bosi akaangalia, akaangalia tena, akaniangalia mimi, maana ukurasa ulikuwa wangu. Shemeji akaanza kazi siku hiyohiyo.

Sasa, onyo likiwa la makelele, lipo jambo linaloruhusiwa: kulinyamazisha. Unaandika juu ya mstari husika maneno mafupi, alama na sababu, na kuanzia hapo mkaguzi anapita pale kimya. Kwetu hakuna aliyenyamazisha onyo bila shemeji kukubali. Basi ilikuwa kila mchana foleni mezani kwake, wanaume wazima tumeshika karatasi kama tuko zahanati. Anasikiliza, anavua miwani, anauliza swali lilelile, "Umehakikisha?" Ukisema "nadhani", jibu ni hapana. Ukisema "haijawahi kutokea", jibu ni hapana mara mbili. Mimi nilikuwa mwepesi wa kupandwa na hasira, na mara nyingi nilirudi mezani kwangu nikigonga droo ili asikie. Alisikia. Hakujali.

Kila miezi mitatu alikuwa na siku yake ya kufunua. Siku hiyo anaondoa vinyamazishi vyote, anamwacha mkaguzi aseme yote aliyozuiwa kusema, kisha anapitia onyo moja moja kuona kama sababu iliyoandikwa bado inasimama. Ikisimama anatia alama ya chaki ubaoni. Tulimtania kuwa anafukua makaburi. Akajibu kuwa waliozikwa hai hawapungui.

Katika miaka yote hiyo alinikubalia mimi jambo moja tu ambalo hakupaswa kunikubalia, na ndilo lililoniketisha niandike.

Kobe hujua alipo kwa kuhesabu. Kila gurudumu likizunguka robo, anaongeza moja. Hesabu hiyo nilikuwa nimeiweka kwenye kisanduku kidogo, kisichoweza kubeba zaidi ya elfu thelathini na mbili, mia saba sitini na saba. Ukiongeza moja juu ya hapo namba inapinduka na kuwa hasi, na Kobe anaamini ghafla yuko kilomita kumi nyuma ya pale alipo. Mkaguzi aliliona hilo na kulipigia onyo. Dawa yake ilikuwa kubadili kisanduku kidogo kiwe kikubwa, lakini kisanduku hicho kilitumika mahali kumi na moja ndani ya programu, na kesho yake wateja wa kwanza walikuwa wanakuja kumwona Kobe. Nilikadiria ni kazi ya siku mbili. Nilitaka wateja wamkute Kobe anatembea na bosi anaringa.

Nikaenda kwa shemeji nikampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikamsifia daftari lake, nikamuulizia watoto kama vile sikuwa nimelala kwao juzi yake. Kisha nikamwambia kuwa betri ya Kobe inadumu saa tatu tu, na akichomekwa kwenye chaji hesabu inaanza upya sifuri, kwa hiyo hawezi kamwe kufika namba ile.

Akavua miwani. "Umehakikisha?"

"Nimehakikisha, shemeji."

Sikuwa nimehakikisha. Nilikuwa nimepiga hesabu kichwani nikitoka kantini na soda mkononi. Akanitazama kidogo, kisha akasema, "Basi wewe ni mtu wa nyumbani, sikuhoji sana." Akaandika mwenyewe juu ya ule mstari: Haiwezekani kufika. Shemeji kahakikisha.

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mimi nilicheka, lakini nakiri kwamba ilinifurahisha kuandikwa hivyo. Bi Hapana alikuwa amesema ndiyo, na aliyepewa ni mimi.

Kobe akauzwa. Alinunuliwa na ghala la baridi upande wa pili wa mji, mahali pa kuhifadhi maboksi ya nyama na samaki, baridi ya kugandisha kope. Miezi miwili baadaye kaka yangu akapata kazi hapohapo, mpangaji wa mizigo. Kazi yake ni kusimama mwisho wa ujia, pale kwenye shelfu, Kobe anakuja na tani moja na nusu mgongoni, anasimama, kaka anakagua lebo na kunyoosha karatasi ya nailoni kabla mzigo haujasukumwa ndani. Sakafuni upo mstari wa njano wa kuwataka watu wakae nyuma mpaka Kobe asimame kabisa. Kaka hakuujali. Kila mara aliingia mbele ya Kobe akiwa bado anatembea, akaanza kazi ili kuokoa dakika, na wenzake wakimwonya aliwajibu, "Msiogope. Programu kaandika mdogo wangu."

Aliniambia hilo mwenyewe, akicheka. Nikacheka pia.

Tuje kwenye ile Jumanne. Wiki hiyo Kobe alikuwa amefungwa betri mpya, yenye nguvu kuliko ya zamani, na bosi alikwenda ghalani alfajiri ili aipime itadumu muda gani. Aliwasha saa moja kamili asubuhi. Ilikuwa pia siku ya shemeji ya kufunua. Alikuwa na maonyo mia mbili na kumi na mbili, na ilipofika saa nne na nusu alikuwa kapita mia moja themanini. Nasikia chaki yake ubaoni, kwi, kwi, kila baada ya dakika. Kisha sikuisikia tena.

Nikageuka. Alikuwa amesimama, chaki mkononi, anatazama boksi la betri lililobaki juu ya kabati. 

"Shemeji," akasema, "betri hii imeandikwa inadumu saa nane."

"Ndiyo maana imenunuliwa."

"Kile kisanduku chako bado ni kidogo?"

Nilihitaji muda kuelewa anauliza nini.  Nikasema, "Kile cha gurudumu?"

"Nimekipita mara kumi na moja," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kila nikifunua nakikuta, nasoma 'shemeji kahakikisha', natia chaki. Mara kumi na moja."

Nikachukua karatasi. Hesabu nilizijua. Robo mzunguko ni sentimita kumi na tano na ushei. Ukizidisha unapata kama kilomita tano. Kitabu cha vipimo vya Kobe kinasema kwa wastani, pamoja na kusimama na kunyanyua, anakwenda kilomita moja kwa saa. Bosi kamwasha saa moja. Nikavuta pumzi.

"Hafiki kabla ya saa sita," nikasema. "Saa sita na dakika kadhaa. Tuna muda. Naandika marekebisho sasa hivi, saa sita kasoro tunawatumia kimyakimya, wanazima na kuwasha, hakuna atakayejua."

"Hiyo kilomita moja kwa saa ni ya betri ipi?"

 Betri ya zamani ilikuwa inachoka kadiri saa zinavyokwenda, na Kobe alikuwa anachoka nayo. Hii mpya haichoki. Hatukujua leo anakwenda kasi gani, na aliyekuwa ghalani kulijua alikuwa bosi, ambaye simu yake ilikuwa kabatini, maana kwenye ghala la baridi kila mtu huacha simu mlangoni.

Nitasema waziwazi nilichokuwa nikikiogopa. Sikumwogopea kaka kwanza. Kwanza niliogopa bosi kuusoma ule mstari. Kaka alikuja wa pili, kama pumzi moja baadaye, lakini alikuja wa pili, na hilo nimelibeba mpaka leo.

Shemeji hakungoja. Akapiga simu ya ofisi ya ghala. Karani akapokea, mtu mpole, kila siku tunamsikia akikohoa kwa ajili ya baridi ile.

"Naomba mmzime Kobe sasa hivi," shemeji akamwambia. "Bonyezeni kitufe chekundu. Nitaeleza baadaye."

"Haiwezekani, dada. Bosi wenu kasema leo hazimwi hata kwa chai. Wanapima betri."

"Basi mwite bosi aje kwenye simu."

"Yuko ndani kabisa, ujia wa mwisho, na mimi niko peke yangu getini. Nikiacha geti nafukuzwa. Ngoja atoke, nitamwambia."

"Atatoka saa ngapi?"

"Kasema saa sita."

Shemeji akashusha simu, akachukua begi lake na kompyuta. Mimi nilikuwa tayari na funguo za gari la karakana, lile dogo la kupelekea vipuri. Saa kwenye dashibodi ilisema tano kasoro ishirini, na mwendo wa kwenda kule ni dakika ishirini ukiwa na bahati.

Tukaondoka. Mimi naendesha, yeye kafungua kompyuta magotini, kaweka ule mstari mbele ya macho yake. Kwenye taa ya kwanza tulikuta foleni. Nikapiga usukani. Akasema, "Usipige, haiendi kwa kupigwa."

Tulipovuka pale nikakusanya ujasiri wote niliokuwa nao, ambao haukuwa mwingi. "Shemeji. Kabla hatujafika. Hayo maneno ya mwisho, futa. Acha hilo la haiwezekani, ufute lile la shemeji. Ni kosa la hesabu tu, litaandikwa ni la karakana."

"Hapana."

"Na wewe litakuumiza. Watasema umemnyamazishia mtu wa nyumbani."

"Si ndivyo nilivyofanya?" Aligeuka kunitazama. Macho yalikuwa mekundu lakini hakulia. "Kiwandani, ukipitisha shati bovu, wanaandika namba yako ya meza ndani ya kola. Nimekaa miaka tisa, hakuna kola iliyorudi na namba yangu. Nimekuja huku nimeandika jina la mtu mahali pa sababu. Jina la mtu si sababu, shemeji. Endesha."

Nikaendesha. Nilikuwa na hasira naye, na nikaiona hasira hiyo kuwa ya kipumbavu, na bado nilikuwa nayo. Dashibodi ikasoma tano kasoro dakika tano, kisha tano kamili, na geti la ghala lilikuwa bado halionekani. Kichwani mwangu Kobe alikuwa anatembea, robo, robo, robo. Jambo baya zaidi lilikuwa lile ambalo shemeji hakulitaja na mimi nililijua kwa kuwa niliandika mwenyewe: hatua ya mwisho kabla ya shelfu, Kobe hufumba macho, yaani vihisio vyake vya kuona kilicho mbele huzimwa. Akiyaacha wazi angeliona shelfu kuwa ni kizuizi, akakataa kusogea. Kwa hiyo pale mwishoni, mita moja tu, haangalii mbele, anategemea hesabu ya gurudumu peke yake. Hesabu ikipinduka hapo, anaamini bado ana kilomita kumi za kwenda, na anakwenda. Ile mita moja ndipo kaka anaposimama.

Tulifika saa tano na dakika tatu. Karani akatoka na vibali vya wageni, tujaze majina. Shemeji akampita kama anapita ndani ya nyumba yake. Kwenye chumba cha makabati akavaa koti la kwanza lililokuwa kwenye msumari, la mtu mrefu, likamfika miguuni, akasukuma mlango mzito wa ghala. Mimi nikaingia nyuma yake bila koti.

Baridi ilinipiga kifuani nikakosa pumzi. Ujia ni mrefu, shelfu hadi darini pande zote mbili, taa nyeupe. Mbali mwisho nikamwona bosi na ubao wake wa kuandikia. Nikamwona kaka, na koti la bluu, ameshainama mbele ya shelfu, mgongo kwetu, anaandaa nafasi. Na Kobe alikuwa katikati ya ujia, anakwenda kwa kaka, mzigo mgongoni, taa yake ya kijani inapepesa. Alikuwa anakwenda haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Shemeji hakupiga kelele. Alikimbia. Koti lile refu likamkwaza, akalishika pindo kwa mikono miwili kama anavuka maji, akampita Kobe ubavuni, akageuka, akabonyeza kitufe chekundu kwa kiganja.

Kobe akasimama. Mzigo ukayumba, ukatulia. Nikasikia mitambo ya baridi juu darini.

"Nani kakuambia uizime?" Bosi alikuwa anakuja mbio, uso umeiva. "Saa nne za kipimo umezitupa. Saa nne. Unajua hii betri ni shilingi ngapi?"

"Soma hesabu ya gurudumu, bosi," shemeji akasema. Alikuwa anahema. "Kabla hujanigombeza, soma kwanza."

Kwenye ubavu wa Kobe kuna kioo kidogo. Bosi akainama, akakisoma kwa sauti: elfu thelathini na mbili, mia nne na sita. Nikafanya hesabu hapohapo bila kutaka. Zilibaki robo mia tatu sitini na moja. Ni mita hamsini na kitu. Kutoka pale aliposimama mpaka kwa kaka ni kama mita ishirini, kurudi ujia mzima ni arobaini. Ingepinduka wapi hasa, sijui. Pengine akiwa anarudi kuchukua mzigo mwingine, macho wazi, angesimama tu na kulia king'ora. Watu wamenifariji kwa hilo. Ila saa sita na ushei niliyoitaja mimi, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, ilikuwa bado saa nzima mbele, na wakati huo Kobe angekuwa amekwenda kwa kaka mara nyingi sana.

Tukatoka hadi chumba cha makabati. Shemeji akaweka kompyuta juu ya benchi, akaeleza, kwa sauti ileile anayotumia kukataa. Alieleza kisanduku, betri, macho yanayofumbwa. Bosi hakumkatiza. Uso wake ulibadilika kidogo kidogo, na ubao wa kuandikia akauweka chini. Karani alikuwa mlangoni na vibali vyake mkononi. Kaka alikuwa ameketi mwisho wa benchi, glavu mapajani, barafu ikimyeyuka kwenye nyusi.

"Na mkaguzi hakuliona hili?" bosi akauliza.

"Aliliona miaka mitatu iliyopita. Mimi nilimnyamazisha."

Akaigeuza kompyuta ili bosi asome. Bosi akasoma kwa macho. Akakunja uso. "Shemeji ni nani?"

 Mimi nilikuwa nimesimama karibu na makabati. Kaka akanyanyuka, akaenda pale, akainama mbele ya kioo. Kaka si msomaji wa haraka. Alisoma akisogeza midomo: Haiwezekani kufika. Shemeji kahakikisha. Akayasoma tena. Kisha akajinyoosha, akanitazama mimi. Sikuona hasira. Ningeweza kuivumilia hasira, ukoo wetu tumeizoea.

"Ulihakikisha?" akaniuliza.

"Hapana, kaka."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei. Akamgeukia mkewe.

"Na mimi nilimuuliza mara moja tu," shemeji akasema.

Bosi hakumfukuza mtu. Alisema maneno makali kwa wote wawili, kwangu zaidi, na yalistahili. Nilirudi karakana mchana ule nikabadilisha kile kisanduku mahali pote kumi na moja. Kazi niliyoikimbia kwa kudai ni ya siku mbili ilinichukua saa tatu na nusu, pamoja na kunywa chai.

Shemeji bado yuko meza inayogusana na yangu. Aliandika kanuni mpya na kuibandika ukutani: kila kinyamazishi kieleze ni kitu gani kinachofanya onyo lisiwe kweli, betri gani, kasi gani, kimepimwa lini, na kina tarehe ya kuisha. Majina ya watu hayaruhusiwi. Mimi nikienda kwake siku hizi naenda na vipimo. Akivua miwani na kuuliza swali lake, mara nyingi najibu "bado", nageuka, narudi kukaa. Jina la Bi Hapana nimeacha kulitumia, ingawa wengine wanaendelea nalo na mwenyewe halimsumbui.

Kaka hajalitaja jambo hilo tena. Nikifika kwao ananikaribisha, tunakula, ananitania kuhusu kitambi changu, hakuna kilichopungua. Lakini mwezi uliopita nilikwenda ghalani kufunga programu mpya, nikasimama na karani kwenye dirisha la kioo tukitazama ndani. Kobe alikuwa anakwenda na mzigo kuelekea mwisho wa ujia. Kaka alimwona anakuja. Akaacha alichokuwa anafanya, akarudi nyuma mpaka nje ya mstari wa njano, akasimama mikono mifukoni, akasubiri mpaka Kobe alipotulia kabisa na taa ikazimika.

"Siku hizi ndivyo anavyofanya kila mara," karani akaniambia. "Zamani hakuwa hivyo. Zamani alikuwa hamwogopi kabisa."

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa.